Kisu Kinachofunguka kwa Mkono Mmoja

Siku ya kwanza Kazadi Germain kufika mezani kwangu aliniharibia biashara ya asubuhi nzima. Nilikuwa nauza visu vya kukunja, kanifu kama tunavyoviita, pale soko la Kikula hapa Likasi, pamoja na kufuli, betri na sindano za majiko ya primasi. Ulikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na moja, majuma machache tu baada ya askari kupora maduka ya mji, na kila mwanamume mwenye suruali yenye mfuko alitaka kitu cha kutia ndani yake. Hawakusema wanaogopa. Walisema wanataka kisu cha kumenyea chungwa. Sijapata kuona mji unaokula machungwa namna ile.

Yeye hakuja kununua. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, amevaa koti la kazi la buluu lililofuliwa hadi likawa jeupe viwikoni. Alichukua kisu kimoja, akakifungua, akafumba macho, kisha akakikunja karibu na sikio. Akakirudisha. Akachukua kingine. Kila kimoja alikitolea hukumu yake kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea katikati ya mashine, na wateja wote nyuma yake walisikia.

"Kibovu. Kibovu. Hii, mwezi moja. Hii iko sawa. Kibovu."

"Papa," nikamwambia, "ulikuya kununua ao ulikuya kuzika?"

"Mama, springi ya hii imepasuka mu ndani. Hausikie?"

"Minye nasikia tu bateja bangu bananikimbia."

Akaomba radhi kwa adabu kabisa, akaenda zake. Saa sita mchana mteja mmoja alikuwa anajaribu kile kisu alichosema kimepasuka, kikamkatikia mkononi, bapa likaruka hadi kwenye karai la mama wa dagaa. Nikafikiri. Mtu anayeweza kusikia ubovu kabla sijaulipia ni mali. Kesho yake nilifunga meza mapema nikaenda kumtafuta.

Tulipatana haraka. Sanduku la visu likifika kutoka Zambia, Kazadi anakuja, anasikiliza kimoja kimoja, vibovu vinarudi kwa mwenye sanduku palepale kabla hajapata muda wa kubisha, na vizima anavitengeneza. Mimi nampa unga na dagaa wa kapenta. Pesa hatukutumia; pesa za miaka ile zilikuwa zinaoza haraka kuliko samaki.

Nyumbani kwake walikuwa watano. Yeye, mkewe Clémentine aliyekuwa mshonaji, mama yake mzee aliyeitwa Anne, na mabinti zake wawili waliokaribia kuolewa. Alikuwa fundi wa ateliye, yaani karakana, kwa miaka ishirini na miwili, na ateliye ilikuwa imeacha kulipa lakini haijaacha kuita watu kazini, basi kila asubuhi alikwenda, akasaini, akarudi. Baba yake ndiye aliyeletwa na gari moshi kutoka Kasai, zamani za Wabelgiji. Yeye alizaliwa hapa Likasi. Kasai aliijua kwa majina ya mazishi tu: fulani amefariki kule, toeni mchango.

Alikuwa na tabia moja ambayo kwangu ilikuwa faida. Hakuweza kuvumilia kisu kigumu. Kisu kikikaza, anakiosha kiungio kwa petroli ya taa, anasugua kwa majivu yaliyochungwa, anagonga kidogo ribiti inayoshika kiungio, anatia tone la mafuta, kisha anapangusa kwa kitambaa kilichokaa daima kwenye mfuko wake wa kulia, kitambaa kilicholowa mafuta mpaka kikawa kama ngozi. Kisu kikitoka mikononi mwake unakifungua kwa kidole gumba peke yake. Nami nilijua kuonyesha. Nilishika mkate mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, tap, mkate umekatwa. Visu vya Mama Berthe vikapata jina. Vijana wa Kikula wote walinunua kwangu. Sikuuliza wanamenya nini.

Yeye mwenyewe hakubeba kisu. Lakini alinifundisha kuvipima, na hadi leo sijasikia mtu aliyevieleza vizuri kuliko yeye. Sokoni tulikuwa na aina tatu. "Padri" kilikuwa na mpini wa mbao na pete ya chuma shingoni ya kuzuia bapa lisijikunje. Kiliitwa hivyo kwa sababu mapadri wa misioni ya Kapolowe walikuwa navyo. Chepesi, kikali, lakini kikilowa kinashika kutu na mbao inavimba. "Zambien" kilikuwa kizito, mpini mweusi, springi yenye nguvu, bapa refu kupita kiganja. Kikifunguka kinalia kama mlango wa jela. "Chinois" kilikuwa chekundu, na kijiko, mkasi na kizibuo, na bapa laini kama bati la sadini.

"Zambien kitararua mufuko na kitakuuzisha ku polisi," Kazadi alisema. "Chinois kitakupatia kijiko siku uko unahitaji kisu. Mama, kisu ya mufuko usitafute ile inakata kupita zote. Tafuta ile hautasahau ku nyumba."

Basi ukaja mwaka wa tisini na mbili. Kuanzia mwezi wa nane maneno yaliyokuwa yanasemwa baa yakaanza kusemwa barabarani. Watu wa Kasai warudi kwao. Wakaitwa bilulu, wadudu. Kwanza ilikuwa mawe juu ya mabati. Halafu milango ikaanza kuandikwa kwa chokaa. Halafu ukipita asubuhi unaona nyumba haina paa, na jana ulikuwa umewasalimia wenyewe wakila. Walikwenda stesheni, gare kama tunavyoiita, kungoja gari moshi, maelfu, wakalala juu ya mizigo kando ya reli, na gari moshi halikuja. Njiani kati ya Kikula na stesheni vijana wakaweka barieri: pipa, gogo, na benchi ya kanisa. Walipekua mizigo na mifuko.

Mimi si mtu wa Kasai. Mama yangu ni wa Kapolowe, kila mtu sokoni anajua. Lakini niseme ukweli, niliogopa kama wao. Mji ukianza kuuliza mtu katoka wapi, hakuna aliye na jibu la kutosha. Nilikuwa nahesabu waliokuja kununua na wasiokuja tena, na nilikuwa naongea polepole.

Kazadi alikuja Jumatatu. Hakuna sanduku lililokuwa limefika. Mlango wao ulikuwa umeandikwa, na wamepewa hadi Alhamisi.

"Mama Berthe," akasema, "leo nataka kununua."

Alinunua kwa siku tatu. Jumatatu alibeba Zambien mfukoni, akatembea nacho hadi kisimani na kurudi, akakileta.

"Nikikitosha mu mufuko tu, bananiua."

Jumanne alichukua Chinois. Alipokileta alikuwa amejaribu kukata kamba ya katani nacho, na bapa limepinda. "Hii haitakata ata usingizi."

Jumatano akachukua Padri. Akakifungua, akakifunga, akakifungua. Kila alipotaka kukirudisha mezani, alikifungua tena. Hilo nililiona kwa macho yangu.

"Acha visu," nikamwambia. "Banapekua. Enda mikono mitupu."

"Ku gare batu banalala juu ya mizigo majuma na majuma. Usiku wezi banakata kamba. Utakata mihogo na nini, utafunga turubai na nini? Na minye…" Akakikunja kisu, akakitia mfukoni. "Mama, nikiwa na kitu mu mukono naweza kutembea. Bila kitu, magulu inakataa."

Basi tukafanya biashara ya mwisho. Alikuwa na jiliwa la ateliye la kubania chuma, lile wanaloliita etau, zito la kubebwa na watu wawili, pamoja na tupa zake na nyundo ndogo. Hangeweza kuvipeleka popote. Nilimwambia: hivyo vyote vije kwangu, nami nitatembea nanyi hadi stesheni. Mimi nina lugha yangu na uso wangu, barieri wananijua. Alikubali. Sijidai kwamba nilifanya kwa huruma. Nilituma mkokoteni kuchukua jiliwa mchana uleule, kabla ya kutembea, kwa sababu kesho hakuna ajuaye.

Jioni ile kabla ya giza habari ikaja. François, jirani yao, fundi wa baiskeli, alikuwa amepigwa barieri hadi mkono ukavunjika. Alikuwa na kisu cha kwangu. Vijana walikuwa wamebuni kipimo: wanakikamata kisu, wanakisukuma kwa kidole gumba. Kikifunguka kwa mkono mmoja, ni cha vita. Kikihitaji mikono miwili, ni cha jikoni, pita.

Nilikaa chini. Kila kisu nilichokuwa nimekiuza mwaka mzima kilikuwa kinafunguka kwa mkono mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Nilimkuta Kazadi uani akifunga godoro. Nilipomweleza, aliachia kamba ya godoro. Alikitoa kile Padri, akakitazama, akakitumbukiza ndani ya ndoo ya maji.

"Mbao itavimba," akasema. "Asubui itafunguka na meno tu."

"Unaweza kukiacha hivo? Kigumu?"

"Nitaweza."

Na kweli, asubuhi kilikuwa kimekaza. Nilijaribu mimi mwenyewe, ukucha wangu ukakatika. Nikasema sawa. Twende.

Ulikuwa mwezi wa kumi, jua lile la kabla ya mvua, linalochoma mpaka lami inanata. Tulitoka mapema, lakini hatukuwa peke yetu. Foleni ya watu na mizigo ilianzia mbali, na tulisimama hatua mbili, tunangoja, hatua moja, tunangoja. Mama Anne alikaa juu ya gunia la sufuria. Wasichana walishika godoro. Clémentine alibeba kichwa cha cherehani kifuani, amekifunga kwa kitenge kama mtoto, na watu waliotupita walidhani ni mtoto. Mbele yetu tulisikia kila kitu. Sauti inauliza, sauti inajibu, halafu wakati mwingine kimya, halafu kilio.

Kazadi alikuwa ametia mkono wa kulia mfukoni. Nilidhani anashika rozari.

Mbele yetu walikuwa wamebaki kama watu kumi nilipoona nguo ya suruali yake inacheza. Kidogo tu. Inainuka, inashuka. Nikamsogelea.

"Papa Kazadi. Uko unafanya nini na mukono?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Akautoa mkono. Vidole vilikuwa vinang'aa mafuta.

Nilielewa palepale. Saa mbili nzima, kwa woga, mkono wake ulikuwa unakifungua na kukifunga kisu mle mfukoni, ukikipangusa kwa kile kitambaa, kama ulivyofanya na kila kisu kigumu tangu ujana wake. Na jua lilikuwa limekausha mbao. Yeye mwenyewe hakujua.

"Kitupe," nikamnong'oneza.

"Wapi? Banaangalia."

Kweli walikuwa wanatazama. Na mtu aliyetupa kitu foleni asubuhi ile tulikuwa tumeshaona alichofanywa.

"Bengine!" Sauti ya Guy. "Bintu ya mu mufuko, juu ya pipa!"

Guy ndiye alikuwa mkubwa wa barieri. Mama yake aliuza mawese meza ya tatu kutoka kwangu; kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, mcheshi, aliyekuwa ananibebea magunia na kunidai karanga. Sasa alikuwa na kitambaa chekundu kichwani na watu watano nyuma yake, na macho yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Ah, Mama Berthe! Uko unasindikiza bilulu?"

"Nasindikiza fundi wangu. Eko na deni ya heshima kwangu."

"Heshima!" Wakacheka. Kazadi akaweka juu ya pipa kitambulisho, rozari, kitambaa, na kisu. Guy hakutazama kingine. Akakiokota kisu, akakisukuma kwa kidole gumba.

Kilifunguka kama kimeitwa jina.

Hakuna aliyecheka tena. Nyuma yangu nilisikia Clémentine ameanza Salamu Maria kwa pumzi tu. Mmoja wao, mrefu mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa ananuka lutuku, pombe ya mahindi, tangu asubuhi, akaokota chuma chake kirefu cha kupigia.

"Vieux," Guy akasema polepole, ndivyo wanavyomwita mzee, "uko unaenda kuchoma nani ku gare?"

Kazadi alikitazama kisu mkononi mwake. 

Mimi nimeishi kwa mdomo wangu tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Nilichokuwa nacho kilikuwa kitu kimoja tu, na sikujua kama ni cha kutuokoa au kutumaliza.

"Guy," nikasema, "tosha yako."

"Yangu nini?"

"Kisu yako. Ile nilikuuzisha mu mwezi ya tano. Uliniambia ni ya kumenya machungwa. Yote inatoka mu mukono ya huyu. Kama yake ni ya vita, yako ni ya nini?"

Akanitazama. Halafu, labda kwa kuonyesha wenzake, akakitoa chake, kisu kilekile, Padri. Akasukuma kwa kidole. Hakikufunguka. Akasukuma tena, uso ukamkunjamana.

"Ya chef mukubwa imelala!" mmoja akapiga kelele. "Ya chef iko na malaria!"

Guy akageuka, na nikajua mtu atapigwa, na si yule aliyecheka.

"Ni vumbi."

Alikuwa Kazadi. Neno lake la kwanza.

"Vumbi na sukari," akasema. Hakumtazama Guy, alikitazama kisu. "Ulikatia miwa na haukupangusa. Lete."

Alinyosha mkono. Naapa hakuwa jasiri. Alikuwa ameona kisu kigumu, basi. Na Guy, sijui kwa nini, akampa.

Kazadi akachuchumaa kando ya pipa, akaomba majivu ya moto wao wa chai, akatia mate, akasugua, akakisikiliza, akagonga ribiti kwa jiwe, akapangusa. Akamrudishia. Tap. Guy akakifunga akakifungua, tap, tap, na meno yakaonekana.

"Na yangu," mwingine akasema.

"Na yangu pia, vieux."

Hapo ndipo pumzi yangu ilirudi. Mahali ambapo watu wanataka kitu ni soko, hata wakiwa wameshika vyuma. Nikaweka mguu wangu juu ya kile kitambaa cha mafuta ambacho Kazadi alikuwa amekiweka chini.

"Hapana," nikasema. "Fundi haitumike bure. Kisu moja, muntu moja anapita."

"Mama Berthe! Uko unatuuzisha batu?"

"Nauzisha kazi ya mikono. Ukitaka bure, endelea kufungula na meno. Yako, Guy, nimeshakupa kionjo. Hesabu yake ni mama muzee huyu. Apite."

Guy alicheka, na kicheko chake kilinitia baridi kuliko hasira yake. Lakini akasogeza benchi. Mama Anne akapita, amebeba sufuria, bila kugeuza kichwa.

Kisu cha pili, msichana mkubwa na godoro. Cha tatu, mdogo wake. Kazadi alifanya kazi ameinamisha kichwa, jasho linadondoka juu ya bapa, na kila alipomaliza aliinua kisu bila kuinua macho. Foleni nyuma yetu ilikuwa imesimama na watu wanatazama. Sikuwatazama. Nilijua wanaona nini: mtu wao anawanolea visu wale wanaowafukuza. Cha nne, Clémentine. Wakamfunua kitenge.

"Hii si mutoto. Hii ni mashini. Mashini si muntu, lakini inabaki."

Clémentine akaikumbatia na akakataa kusogea. Hapo ilibidi niamue. Walikuwa wamebaki visu viwili, kimoja mkononi mwa Kazadi, kingine bado mfukoni mwa yule mrefu. Na walikuwa wamebaki wawili wa kupita, mume na cherehani. Kazadi nisingeweza kumpitisha kabla. Akishapita, nani atatengeneza cha mwisho? Na bila cherehani watakula nini huko wasikokujua? Kwa hesabu ya biashara ilikuwa sawa kabisa.

"Cha tano, mashini," nikasema. "Cha sita, fundi mwenyewe."

Nilikubali bei ya kisu ambacho sijakiona. Miaka yote sokoni sijawahi kufanya kosa hilo, na nilifanya siku ile.

Clémentine akapita na cherehani yake. Yule mrefu akatoa chake. Kilikuwa Zambien. Kazadi akakichukua, akakifungua kwa shida, akafumba macho, akakikunja karibu na sikio. Mikono ikasimama.

"Mama," akaniambia chini chini, "springi imekufa. Bila moto ya ateliye haitengenezeke."

"Anasema nini?" Mrefu akainama, lutuku ikatufikia. "Ya bote inawezekana, yangu hapana? Juu ya nini? Vieux, umeiharibu makusudi?"

"Hakuiharibu yeye," nikasema. "Ulikuja nayo imekufa."

"Nilikuja nayo inatumika!"

Akamshika Kazadi ukosi wa koti, akamwinua. Kazadi alikuwa mwepesi mkononi mwake kama nguo. Upande wa pili wa pipa Clémentine alilia kwa sauti, na Guy akakunja mikono. Alikuwa anatazama tu kuona itafikia wapi. Hicho ndicho kiliniogopesha zaidi, kwamba na yeye hakujua.

"Guy!" nikamwita. "Mupe ile ya Kazadi. Iko nzuri kupita zote. Babadilishane."

"Ile ni ya barieri sasa." Alikuwa ameshakitia mfukoni.

"Basi weye chukua hii."

Nilifungua pindo la kitenge changu. Kisu changu mwenyewe kilikuwa mle, Padri mdogo wa mpini mweusi, nisichokiweka mezani hata siku moja. Sikutaka kukitoa. Nasema wazi, mkono ulisita, na wakati ulisita yule mrefu alikuwa ameshainua chuma. Nikakitupa juu ya pipa.

Guy akakijaribu. Tap. Akakipenda. Akakitoa kile cha Kazadi, akamrushia mrefu, naye akaachia ukosi ili akidake. Akakifungua, akakifunga. Akacheka kama mtoto. Kisha akachukua lile Zambien lililokufa akalisukuma kifuani mwa Kazadi.

"Beba, vieux! Usikuye kusema tulikuibia!"

Kazadi akapita akiwa amelishika mbele yake, kisu kirefu kupita vyote alivyokataa, bapa linaning'inia halishiki, na askari wa stesheni wako hatua mia mbele. Alitembea hatua ishirini hivi, kisha vidole vikafunguka na likaanguka mtaroni. Hakuangalia chini. Hakuangalia nyuma pia. Mimi niligeuka nikarudi nyumbani nikipita kando ya foleni ile yote, na mwanamke mmoja akatema mate karibu na mguu wangu. Nilimjua. Alikuwa mteja.

Siku mbili baadaye mwanamume alichomwa kisu kwenye barieri ileile. Kilikuwa kimoja cha visu vile. Kipi, sikuuliza.

Yeye alipata nini? Wote watano walifika stesheni, na cherehani. Walikaa kule hadi mvua zikawa nyingi; Mama Anne alipata kuhara, akazikwa kabla gari moshi halijaja, kwa hiyo waliopanda ni wanne. Mfanyabiashara wa reli aliniambia baadaye kwamba Clémentine anashona Mwene-Ditu na ndiye anayewalisha, na kwamba mumewe anatengeneza bawaba za milango na majembe. Mtu akimletea kisu cha kukunja, anamwambia apeleke kwingine. Nyumba yao ya hapa Likasi haina paa, na ndani kuna watu wengine.

Mimi nilipata jiliwa, tupa na nyundo, na barieri ilinipitisha bila kupekuliwa hadi ilipoondolewa. Guy na wenzake walikuja mezani kila wiki, wakiniita mama yao, wakichukua walichotaka, nami nikicheka nao, na mgongo wangu ukilowa. Watu wa Kasai waliobaki hawakununua kwangu tena. Sanduku lililofuata kutoka Zambia nilifungua peke yangu. Nilivikunja vyote karibu na sikio na sikusikia chochote, nikalipia vyote, na nusu vilirudi vimevunjika.

Kabla mwaka haujaisha nilibadilisha jiliwa kwa magunia manne ya chumvi. Chumvi ndiyo ninayouza hadi sasa.